Magharibi Mbili za Mzee Shaame

Wiki hii nimekabidhi ufunguo wa kile kichumba cha kipaza sauti, nanyi waadhini vijana mmenishika niandike habari za kazi yetu kabla sijaanza kusahau au, kama alivyosema mmoja wenu kwa adabu zote, kabla sijaanza kutunga. Haya, naandika. Lakini msitegemee kusoma nani alinipandisha cheo. Katika kazi hii kupanda ni kupanda ngazi, na magoti ndiyo yanayolipa. Nitawaeleza nilivyoanza pale Mkoani, miaka ya mwisho ya hamsini, na habari za mtu aliyenifunza.

Msikiti wetu ulikuwa juu kidogo ya bandari, wa mawe na chokaa, paa lake bapa, hauna mnara. Mwadhini alipanda ngazi za nje akasimama paani. Hapakuwa na waya wala betri. Palikuwa na pumzi za mtu na upepo, na upepo haukuwa mwenzetu sikuzote. Kusi likivuma, nusu ya adhana ilikwenda kuwaita samaki.

Mimi nilikuwa mwashi. Niliitwa kupaka chokaa ukuta wa mbele, na nilikuwa na tabia ya kusoma kasida nikiwa kazini, kwa sauti niliyoiona nzuri. Mwadhini, Mzee Shaame bin Kombo, alikuwa anatawadha birikani. Akatoa kichwa.

"Nani huyo akoromaye?"

"Mie, Mzee. Nnasoma kasida."

"Kasida hiyo yaomba msaada. Hebu shuka."

Nikashuka, mikono imejaa chokaa. Akanitaka nitamke takbiri moja tu. Nikaivuta, nikaikunja, nikaipandisha na kuishusha kama waimbaji wa harusini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimekwisha au napumzika.

"Sauti unayo, yakhe," akasema. "Sasa tuitoe hizo shanga."

Ndivyo nilivyoingia kazini, na ukuta ule nikaumaliza bila kusoma kitu.

Mzee Shaame hakuwa mtu mpole. Msije mkanichorea kizee chenye tabasamu na tasbihi. Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, mwenye maringo ya sauti yake, na aligombana na paka, na mvua, na mkewe Bi Mize juu ya chumvi. Kwenye ngazi za paa lakini alibadilika. Alivua viatu, akanyoosha kanzu, akanyamaza kidogo, na aliyekuwa akimgombeza paka muda ule ule hakuwepo tena. Nilimpenda kwa hilo kabla sijampenda kwa jingine lolote.

Kwa muda mrefu hakunipa adhana hata moja. Alinikalisha chini nitamke herufi, ha ya kooni na ha ya kifuani, mpaka mate yakanikauka. Kuhusu pumzi alinifunza kwa kazi yangu mwenyewe. "Jiwe kubwa wewe waliinua kwa mikono?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, kwa miguu na kiuno. "Basi na sauti usiinue kwa koo. Koo ni mlango, si mpagazi." Maneno hayo nimeyatumia kwa kila mmoja wenu, na sasa mnajua nilikoyaiba.

Vidole masikioni, akasema, si pambo. Mtu akiziba masikio hujisikia kwa ndani, na akijisikia kwa ndani hashindani na upepo. Unapowaita watu kwenye sala unageuza uso kulia na kushoto, lakini nyayo haziondoki, na kifua kinabaki kibla. Halua ni haramu yake kabla ya adhana, maana inaganda kooni. Tangawizi ni halali, ila itafunwe, isimung'unywe kama pipi. Uani alisimika kijiti, na kivuli cha kijiti ndicho kilichotwambia Adhuhuri na Alasiri. Saa ya ukutani tulikuwa nayo pia. Ilikuwa zawadi, nayo ilijijua kuwa ni zawadi, haikujitaabisha. Wakati wa masika ilisimama kabisa.

Magharibi haikuhitaji kijiti. Mkoani inatazama machweo, na jua lilizama baharini mbele ya macho yetu. Likimezwa lote, unaadhini. Kazi nyepesi, mngedhani.

Adhana yangu ya kwanza alinipa Adhuhuri ya siku ya kawaida. Alisema watu wa saa hiyo wana njaa na hawasikilizi makosa. Nikiwa juu niliziona boti zote za bandarini kana kwamba zimesimama kunitazama mimi. Niliposhuka alikuwa ananingoja chini.

"Kiwiko cha kushoto kilikuwa chini," akasema, akaenda zake.

Nilifurahi siku ile nzima. Kama kosa lilikuwa kiwiko, basi kila kilichobaki kilikuwa sawa.

Magharibi ya Ramadhani lakini hakumpa mtu, wala sikuthubutu kuiomba. Mji mzima ulikaa na tende mkononi ukiingojea sauti ile. Misikiti midogo ilimngojea yeye kwanza. Na miaka ile, mliozaliwa nyuma mjue, watu walikuwa wamegawanyika vibaya kwa siasa. Walisusiana maduka, wakasusiana visima, hata kwenye maziko mtu alitazama kwanza nani kabeba jeneza. Ndugu wa tumbo moja walipishana njiani bila salamu. Kitu pekee ambacho pande zote mbili zilikifanya pamoja ni kufuturu, kwa sababu sauti ilikuwa moja. Maalim Bakari, imamu wetu, alikuwa akisema kuwa Mzee Shaame kila siku anaupatanisha mji kwa muda wa kokwa moja la tende.

Mkabala na msikiti palikuwa na baraza ya Haji Ngwali, fundi cherehani, mtu wa kwanza mtaani kwetu kuwa na redio. Aliiweka dirishani na kuifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mama yake, Bi Raya, alikaa nyuma ya dirisha lile lile na kijaluba chake cha tambuu. Bi Raya alifunga Ramadhani kwa imani yote, lakini njaa na kiu hazikumsumbua. Kilichomtesa ni tambuu. Ikikaribia Magharibi alikuwa ameshalipaka jani chokaa, ameshatia popoo, amelikunja, amelishika karibu na midomo, na kama mtu anataka kujua ghadhabu, amsemeshe wakati huo.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Ramadhani ya masika. Tangu Alasiri mbingu ilikuwa nyeusi tititi, bahari haionekani, na ile saa ya zawadi imelala. Katika hali kama hiyo Mzee Shaame alikuwa na dalili zake. Ya kwanza ni kuku wa Bi Mize kuingia bandani. Ya pili, aliyoiamini kuliko zote, ni popo. Mnawajua popo wetu wa Pemba, wakubwa kama kunguru. Magharibi ikiingia huondoka mitini kwa makundi kwenda kutafuta embe na bungo, na kundi moja lilikuwa likipita juu ya msikiti. Mzee alikuwa ameshawalinganisha na jua kwa miaka mingi, na hawakupata kumwangusha.

Kuku walikwisha kuingia. Tulisimama ngazini, yeye juu, mimi chini yake, na popo wakaanza kuvuka.

"Mzee, nnaona kama mapema," nikasema.

"Popo hana saa ya kuharibika," akajibu, akapanda.

Akaadhini. Ilikuwa adhana nzuri, na kwa nini isiwe nzuri? Nilisikia vikombe vikigongana barazani na watu wakisema bismillahi. Mzee alishuka akitafuna tende yake. Alipofika katikati ya ngazi, kule chini ya lile wingu, mwisho kabisa wa bahari, pakafunguka ufa mwembamba, na jua likatoka. Jua zima, jekundu, limekaa juu ya maji halina haraka. Ukuta niliopaka chokaa kwa mikono yangu ukawa mwekundu. Watoto wakapiga kelele mtaa mzima: "Jua! Jua lino!"

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Mzee Shaame alitema tende kiganjani. Maalim Bakari akatoka mbio msikitini, pindo la kanzu mkononi.

"Shaame, tulia. Natuma watu wapite nyumba kwa nyumba wawambie wajizuie. Wewe ingia ndani, mambo yapoe."

Maneno ya hekima, na mimi ningeyafuata. Nawaambia kweli, ningeingia ndani nikajificha mihrabuni mpaka Idi.

"Wamekula kwa sauti yangu," Mzee akasema, "wataacha kwa sauti yangu."

Akarudi paani. Safari hii hakuziba masikio. Mikono aliiachia ikaning'inia. Na kwa kuwa alikuwa hajui kutoa neno lolote kutoka pale isipokuwa kwa namna moja, alilitoa kwa namna hiyo hiyo, kwa mvuto ule ule na utulivu ule ule:

"Enyi watu wa Mkoani! Jua lipo! Mie Shaame bin Kombo nimekosea! Zuieni vinywa mpaka nikwiteni tena! Siku hino tutailipa sote, na lawama ni yangu!"

Akageuka kulia akarudia. Akageuka kushoto akarudia. Sauti ilimkatika mara moja tu, pale penye jina lake, kisha akaiokota akaendelea. Nimesikia wasomaji wakubwa baada ya hapo, Unguja na kwingine, watu ambao wakisoma unaona nywele zinasimama. Hakuna aliyenifikisha mahali pale. Nilisimama ngazini nikalia kama mtoto, na sikujali nani ananiona.

Matusi yalipanda kutoka kila upande, na akutukanaye hakuchagulii tusi. Mmoja alimwambia aende akawaadhinie hao popo. Lakini aliyewapita wote ni Bi Raya. Alitoa kichwa dirishani, akatema jani lote zima barazani, karibu limpate mwanawe.

"Shaame! Nimengoja siku nzima! Nimetafuna mara mbili tu, mara mbili, waniambia niteme! Mungu anaona!"

Mzee alibaki amesimama paani, mji mzima unamtazama, mpaka jua likazama kweli mbele ya macho ya kila mwenye macho. Ndipo akaziba masikio akaadhini Magharibi ya pili. Siku ile hakuna aliyekuwa na shaka, maana jua walilizika wenyewe.

Shaka ilikuja kesho yake, mbingu ilipoamka imefunga tena. Kufika Adhuhuri mtaa ulikuwa na neno moja tu. Haji Ngwali aliivua redio kitambaa chake akasema leo baraza yake itafuturu kwa adhana ya Unguja, iletwayo na mitambo, na mitambo haitazami popo. Waliokuwa upande wake wa siasa wakasema naam. Wa upande wa pili, ambao jana walitukana vilevile, ghafla wakaona hakuna sauti kama ya Mzee Shaame. Maalim Bakari akanivuta pembeni.

"Tumeshagawana maduka," akaniambia. "Tumegawana visima. Tukigawana na futari, hatutaungana tena. Leo panda wewe. Sauti mpya haina deni, pande zote zitaipokea."

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee baada ya Alasiri. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, Bi Mize anakuna nazi. Kabla sijafungua mdomo akaniambia:

"Najua. Maalim kakutuma. Basi panda."

"Sipandi."

"Wakataa amri ya imamu?"

"Nikipanda leo, Mzee, watasema sauti yako imekufa, na mie nitakuwa ndiye niliyeizika. Mie sikufunzwa kuzika. Niulize habari za chokaa."

"Na wasipofuturu kwangu?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla, na alilisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Hakuogopa matusi. Aliogopa kuita, na watu wasije. Kwa mwadhini hakuna kifo kingine.

Bi Mize hakuinua macho kwenye mbuzi ya nazi. "Usipopanda," akasema, "futari ya leo haina chumvi. Na ya kesho. Mpaka utakapokufa."

Mzee akaomba kanzu yake.

Nawaandikia haya ninyi mnaofungua swichi, na sisemi swichi ni mbaya, maana magoti yangu yangekuwa na la kusema. Nasema tu mkumbuke kwamba kule upande wa pili wa waya kuna mtu ameshika tende. Hakuoni. Halioni jua pia, amekuachia wewe ulione kwa niaba yake.

Tukasimama tena ngazini. Baraza ya Haji ilikuwa imejaa hata njiani. Mahasimu wa siasa walikaa mikeka miwili, katikati pamewachwa nafasi ya kupita mbuzi, na kila mmoja ana tende mkononi. Redio ilikuwa ikizungumza, mtu fulani wa Unguja anaeleza habari za mbolea. Kuku wakaingia bandani. Mzee hakutikisika. Popo wakavuka, kundi zima, wakapotea. Hakutikisika.

"Shaame, wangoja alfajiri?" mtu akapiga kelele, watu wakacheka.

Giza likaingia kwenye mikunjo ya kanzu yake, nami nikawa siwezi tena kuona mistari ya kiganja changu. Ndipo akavua viatu, akapanda. Akageukia kibla, akaziba masikio, akaita.

Mkono wa Haji ukainuka. "Ngojeni. Unguja bado."

Wakangoja. Wote, mikeka yote miwili, hata wale waliojifanya wanamtetea. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi nawaona. Sauti ilikuwa inapita juu ya vichwa vyao, nzuri kuliko siku zote, na hakuna mkono ulioondoka pajani. Yule wa mbolea anaendelea na mbolea yake. Mzee akafika katikati ya adhana, akageuza uso kulia.

Dirishani pakasikika kijaluba kikifungwa. Bi Raya alikuwa na jani mdomoni, anatafuna.

"Mama!" Haji akaruka. "Subiri redio!"

"Haji, mwanangu," akasema, na shavu moja limejaa, "hino redio yako siku ikikosea, itapanda paani itwambie?"

Haji akaitazama redio.

"Basi mie nala na alosema kakosea. Kosa moja haliachi mke." Akatafuna tena, kwa raha kubwa. "Kuleni, nyie. Mwamngojea nani?"

Mzee mmoja wa mkeka wa kushoto akasema bismillahi. Mmoja wa mkeka wa kulia akampelekea bakuli la uji jirani yake aliyekuwa hana, na jirani huyo alikuwa wa mkeka wa pili. Haji alikuwa wa mwisho. Redio ilipoanza kuadhini, baraza nzima ilikuwa inakunywa uji.

Mzee Shaame hakujua lolote kati ya hayo. Masikio aliyaziba, kifua kiko kibla, macho kayafumba. Alimaliza, akaomba dua yake, akashuka polepole, na alipofika ngazi ya chini hakuthubutu kutazama barazani. Alinitazama mimi.

"Wamekula?"

"Wamekula, Mzee."

"Wote?"

"Wote. Kaanza Bi Raya."

Akafumbua kiganja. Tende yake ilikuwa humo, imepondeka yote kwa kubanwa. Akaketi pale pale ngazini akaila, akilia waziwazi mbele za watu, na alipokwisha akaniuliza maji yake yako wapi.